Shosti wangu hakuja kwenye msiba wa baba, je bado ni rafiki?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 35, nipo Morogoro, nimeajiriwa. Nina rafiki yangu tangu form one, tulilala bweni moja kitanda kimoja cha dabo deka, yeye juu mimi chini, miaka yote minne. Hata marehemu baba alikuwa anamjua vizuri, akija visiting anatuletea wote wawili. Baadae akaolewa akahamia Mwanza, simu zikawa zinapungua pungua mpaka siku hizi tunaweza kumaliza miezi mitatu. Mwaka jana mwezi wa nane nikafiwa na baba, hakuja. Alituma laki moja na meseji ndefu basi. Sasa mwezi huu wa tatu naona kwenye stetasi yake kajifungua mtoto wa kike, mimi hata sikujua kama ana mimba, iliniuma nikalia ofisini. Wenzangu kazini wananiambia ukubwani hakuna marafiki, kila mtu na familia yake, nimfute tu. Lakini nakumbuka mwaka juzi nilipompigia kumwambia nimepandishwa cheo alipiga vigelegele mpaka mume wake akaja mbio kuuliza kuna nini. Sasa sielewi. Nimwache? Na kiukweli hawa marafiki wa zamani wana faida gani? Alafu kuna kahela kangu laki tatu nilimkopesha mwaka huohuo wa juzi biashara yake ilipoyumba, hajarudisha, lakini mimi sijawahi kumdai wala siyo tatizo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana ya mzee, najua imepita miezi lakini msiba wa mzazi haupoi haraka hivyo.

Naomba nianzie pale ulipomalizia, kwenye zile laki tatu. Umeziita kahela, ukasema siyo tatizo, alafu ukaziweka mwisho kabisa kama mtu aliyeshaaga kakamata kitasa cha mlango ndo anakumbuka kusema neno. Kwenye kazi yetu hii ya ushauri nasaha tunajifunza mapema kwamba neno la mlangoni mara nyingi ndo lenyewe, yale mengine yote yalikuwa salamu.

Kwako siyo tatizo, sawa, nakuamini. Kwake je? Umewahi kumwambia kwa mdomo wako kwamba siyo tatizo? Umesema hujawahi kumdai, na hapo ndo wengi tunapojidanganya, tunadhani kutodai ni kusamehe. Mtu anayedaiwa hausikii huo msamaha wa moyoni mwako, anachosikia ni ukimya tu, na ndani ya ule ukimya anaweka maneno yake mwenyewe, tena mabaya. Wewe unapiga simu umsalimie, yeye anaona jina lako kwenye kioo cha simu moyo unafanya paa, leo ataniuliza, anaiacha iite mpaka ikate, anajiambia ntampigia jioni nikitulia, jioni inafika anaona aibu kwamba asubuhi hakupokea, kesho yake aibu zishakuwa mbili, wiki ikiisha hajui hata aanzie wapi. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga, na mimi naongeza kwamba matanga hayo yanaanza kabla hata ya kulipa, anayedaiwa analia, tena analia akiwa amejificha. Nimeshaona ndugu wa tumbo moja wanakwepana kanisani kwa deni la elfu hamsini ambalo mwenye nalo alishalisahau.

Sasa angalia tarehe zako mwenyewe. Umepandishwa cheo mwaka juzi, akashangilia. Mwaka huohuo biashara yake ikayumba, ukamkopesha. Baada ya hapo ndo miezi mitatu mitatu ikaanza. Wewe umeandika kwamba simu zilipungua kwa sababu ya ndoa na Mwanza, mimi nikisoma naona zilipungua zaidi baada ya hela. Inawezekana nimekosea, ila muulize simu yako, fungua meseji zenu za zamani uangalie ni mwezi gani hasa alianza kujibu "niko poa dia" akaishia hapo.

Na kuna hesabu nyingine ndogo. Mtoto kazaliwa mwezi huu wa tatu, mzee alifariki mwezi wa nane. Ina maana siku mnazika, shosti yako alikuwa na mimba changa, miezi miwili hivi. Kutoka Mwanza mpaka Morogoro ni safari ya kutwa nzima na zaidi kwenye basi, Shinyanga, Singida, Dodoma, ndo uje ufike, na wanawake wengi mimba ikiwa changa hawaitangazi, wengine wamewahi kuharibikiwa wakaapa hawatamwambia mtu mpaka mtoto alie. Simtetei, na wala sisemi ndivyo ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba wewe umeshatoa hukumu na shahidi mkuu hajaitwa.

Lakini nisije nikaonekana napuuza maumivu yako. Kwetu sisi kutokuja msibani ni jambo zito, sitaki nikudanganye. Harusi mtu anaweza kukosa akatuma mchango na maisha yakaendelea, msiba haukosi hivihivi. Msibani ndo unajua nani ni nani, nani alilala chini kwenye mkeka na nyie, nani aliingia jikoni bila kuitwa akashika sufuria, nani alisimama kaburini mpaka mwisho na nani alisaini daftari la rambirambi akaondoka. Na mfiwa anakuwa na jicho la ajabu sana, unaweza ukawa huelewi hata umekula nini siku ile lakini mlango wa geti unaujua nani kaingia. Ulikuwa unamsubiri. Kila basi likiingia kutoka bara ulikuwa unajua. Hilo nalielewa na una haki ya kuumia, tena una haki ya kumwambia aliyekuumiza, ambayo ndo kitu hujafanya bado.

Ila hebu iangalie na ile laki moja. Mtu anadaiwa laki tatu, biashara imeyumba, ana mimba, katoa laki moja ya rambirambi. Hiyo siyo hela ya mtu aliyekusahau. Mtu aliyekupotezea anatuma elfu kumi na maneno matatu, au anasubiri mkutane aseme "jamani sikupata taarifa". Na ile meseji ndefu, irudie kuisoma leo ukiwa umetulia, maana siku ile uliisoma ukiwa unatafuta mtu, na herufi hazikuweza kuwa mtu.

Nije kwenye vigelegele. Mimi hapo ndo nimepashika kuliko popote kwenye barua yako, na nitakwambia kwa nini. Sisi Waswahili tumelelewa na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ni kweli kabisa, lakini kuna upande wa pili watu hawauangalii. Kwenye dhiki hata asiyekupenda sana anaweza akaja, wapo wanaokuja kwa huruma, wapo wanaokuja kwa heshima ya familia, na wapo, Mungu anisamehe, wanaokuja kuangalia umeangukaje. Kwenye furaha yako ndo hakuna pa kujificha. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani anaitwa Shelly Gable na wenzake walitoa utafiti mwaka 2004 kuhusu hiki kitu, waliangalia mtu akipeleka habari njema kwa aliye karibu naye anapokelewaje, wakakuta kuna wa aina nne. Yupo anayeingia na wewe kwenye hiyo furaha, anauliza imekuwaje, lini, walikwambiaje. Yupo wa "aah hongera" kwa sauti ya chini alafu kimya. Yupo anayekutafutia kasoro, cheo kikubwa si kazi itakuwa nyingi, utaiweza kweli na watoto? Na yupo asiyekusikia kabisa, anahamia kwenye habari zake. Ni yule wa kwanza peke yake ndo mahusiano yake yalionekana kuwa na afya, hata yule wa hongera baridi hakusaidia kitu.

Wako alipiga vigelegele mpaka mume akaja mbio. Na yeye wakati huo mambo yake yanaanza kwenda chini. Mdogo wangu, watu wa namna hiyo hawaokotwi.

Umeuliza marafiki wa zamani wana faida gani, na hao wenzako wa ofisini wamekwambia ukubwani hakuna marafiki. Nianze na mwili kwanza maana watu wanadhani urafiki ni mambo ya kupiga stori tu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakafuatilia nani alibaki hai na nani alifariki katika kipindi cha tafiti hizo, wakakuta wenye mahusiano imara, yani marafiki, ndugu, jumuiya, walikuwa na uwezekano wa kubaki hai mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wale wasio nayo. Tunakimbizana na presha na sukari, tunaacha chumvi, tunatembea asubuhi, vizuri sana, lakini nani anakumbuka kumuuliza mgonjwa, wewe unaongea na nani ukizidiwa?

Sasa kuhusu umri. Wenzako hawajakosea kila kitu, marafiki wapya ukubwani ni wagumu kupatikana na sababu yake ni muda tu, haina uchawi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti mwaka 2018 akijaribu kuhesabu masaa, watu wanahitaji kukaa pamoja kiasi gani mpaka waitane marafiki. Akapata kama masaa 50 kutoka kufahamiana mpaka urafiki wa kawaida, kama 90 mpaka urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 mpaka mtu awe wa karibu kabisa. Na masaa ya kazini hayahesabiki sana, kukaa meza moja ofisini miaka mitano mnajaza mafomu hakukupi rafiki, yanayohesabika ni yale mnayoamua wenyewe kukaa pamoja. Wewe na huyo dada masaa 200 mliyamaliza kabla hata mitihani ya muhula wa kwanza haijafika, mko bweni moja, mnachota maji pamoja, mnafua pamoja, taa zikizimwa bado mnanong'onezana yeye juu wewe chini. Leo una kazi, una nyumba, ukipata mtu mpya ukajitahidi kukaa naye masaa mawili kila wiki bila kukosa, utachukua karibu miaka miwili kufika hapo. Na akishafika bado hatakuwa amemjua baba yako.

Hilo la baba naomba usilipite haraka. Nje ya ukoo wenu, ni watu wangapi waliobaki duniani wanaomkumbuka mzee siku ya visiting, anashuka na mfuko, alivaaje, alicheka vipi, alikuwa anawaletea nini? Yeye alikula kile chakula. Mwenzako wa ofisini anamjua baba yako kwenye picha ya msibani tu, yule aliyelala kitanda cha juu anamjua akiwa mzima, akiwa na nguvu zake, akimkaripia mwanae kwa kufeli hesabu. Ukimkata huyo unajikatia na hicho. Ndo maana nadhani ulilia ofisini kwa vitu viwili kwa pamoja, mtoto ambaye hukuambiwa habari zake, na baba ambaye hukumlilia pamoja na shosti yako.

Kuna kitu kingine lazima nikwambie, urafiki siyo kama undugu katika jambo moja. Robin Dunbar wa Oxford na mwenzake Sam Roberts waliwafuatilia vijana wa Uingereza waliomaliza sekondari wakatawanyika, wengine vyuoni wengine kazini, wakaangalia nani anabaki karibu na nani anapotea. Ndugu hata msipoongea muda mrefu hapatetereki sana, shangazi yako unaweza usimpigie mwaka mzima na bado ni shangazi. Rafiki akiachwa bila kutunzwa anashuka, tena haraka. Na waligundua kwamba kwa wasichana kilichosaidia zaidi ni kuongea, kwa wavulana ni kufanya kitu pamoja, mpira, safari, kijiwe. Kwaiyo miezi mitatu mitatu kwenu nyie siyo jambo dogo, lakini maana yake ni kwamba umepungukiwa mbolea, siyo kwamba mti umekauka, na kupunguza huko mmepunguza wote wawili. Wewe mwenyewe hebu niambie, mara ya mwisho kumpigia bila sababu ilikuwa lini?

Najua unajiuliza, sawa, lakini mambo yetu sasa hayalingani, mimi nina cheo na mshahara, yeye biashara imeyumba, urafiki wa hivyo unadumu? Hujaliandika hilo ila lipo. Nikujibu kwa mfano wa watu wanaojulikana. Nelson Mandela unamjua, Ahmed Kathrada labda umemsikia kidogo. Kathrada alikuwa Mhindi wa Afrika Kusini, mdogo kwa Mandela kwa miaka 11, na miaka ya mwanzo waliwahi kugombana vibaya. Mwaka 1950 kulikuwa na mgomo wa Mei Mosi, Mandela wakati ule alikuwa anaupinga, yule kijana akamkuta barabarani Johannesburg akambishia usoni, Mandela akakasirika akaenda kulalamika kwa viongozi wenzake. Juni 1964 wakahukumiwa kifungo cha maisha pamoja na mwenzao Walter Sisulu na wengine kwenye kesi ya Rivonia, kwa kupambana na serikali ya ubaguzi wa rangi, wakapelekwa gereza la kisiwa cha Robben.

Sasa sikiliza hii. Mwezi wa sita kule kusini ni baridi kali. Kathrada kwa kuwa ni Mhindi akapewa suruali ndefu na soksi. Mandela, mtu mzima wa miaka 45, wakili, baba wa watoto, akapewa kaptula na hakuna soksi, kwa sababu ni Mwafrika. Chakula nacho hivyohivyo, Mhindi anapata mkate, Mwafrika hapati. Wafungwa wa kesi moja, kifungo kimoja, upepo mmoja wa bahari, mmoja miguu imefunikwa mwingine magoti yako nje. Jambo kama hilo linatosha kabisa kuua urafiki, mwenye kaptula aanze kinyongo, mwenye suruali aanze kuona aibu akwepe. Haikuwa hivyo. Wafungwa walidai, wakaendelea kudai mwaka baada ya mwaka, kwamba wote wapewe sawa, yani wasiokuwa nayo wapewe, wala si kwamba Kathrada avuliwe yake.

Wewe saa hizi ndo una suruali ndefu, mdogo wangu. Cheo ni chako kihalali, huna haja ya kukionea aibu wala kujishusha. Lakini mwenye kaptula anaona baridi ambayo wewe huioni, na ukimngoja yeye ndo aanze kuongea utangoja sana.

Na jingine kuhusu hao watu. Katikati ya miaka ya 1970 Mandela alikuwa anaandika habari za maisha yake kwa siri gerezani, anaandika usiku, kurasa zinapelekwa kwa Kathrada na Sisulu wazisome, na Kathrada anaandika pembeni maoni yake, hapa sivyo, hapa rekebisha. Yule yule kijana aliyembishia barabarani mwaka 1950. Mtu anaandika maisha yake mwenyewe na bado anampa rafiki kalamu amsahihishe. Kathrada na Sisulu walitoka Oktoba 1989, Mandela Februari 1990, na Disemba 2013 siku ya kumzika Mandela kule Qunu, mzee Kathrada akiwa na miaka 84 alisimama mbele ya marais wa dunia sauti inatetemeka, akasema Walter alipofariki alipoteza baba, na sasa amepoteza kaka, na hajui tena amgeukie nani. Nilipoisikia hotuba ile nilizima kila kitu nikakaa. Miaka zaidi ya 60, na ndani yake kulikuwa na ugomvi.

Ndo maana sikushauri umfute na wala sikushauri umezee. Hivi vyote viwili ni njia ya kukwepa maneno. Ukimfuta umekwepa, na ukijifanya hakuna kitu ukaweka emoji ya moyo kwenye stetasi ya mtoto umekwepa pia, tena hii ya pili ni mbaya zaidi maana mtaendelea kuitana shosti huku ndani pameoza.

Fanya hivi. Kwanza kabla hujashika simu, amua kuhusu ile hela ukiwa peke yako. Unaitaka au huitaki? Jibu lolote ni sawa, ila liwe moja. Kama huitaki, utamwambia kwa mdomo kwamba imeisha, usimwambie "usijali" maana usijali siyo risiti, mwambie ile laki tatu nimekusamehe, hatudaiani. Kama unaitaka, na una haki kuitaka, mwambie alete kidogokidogo, hata elfu thelathini kila mwezi, miezi kumi imekwisha, na atapata heshima yake ya kulipa. Wapo watu ambao kusamehewa deni kunawaumiza zaidi ya kudaiwa, wewe unamjua kuliko mimi, kama ni wa hao mpe nafasi ya kulipa. Ambacho hutakiwi kufanya ni kusema umesamehe alafu siku mkikorofishana ukalitoa.

Alafu mtumie ujumbe, na mimi ningependa uwe wa sauti, maana maandishi mwenye aibu anayasoma kwa sauti ya hasira hata kama hukuwa na hasira. Sema kitu cha namna hii: "Shosti, hongera sana mama, nimemuona mtoto kwenye stetasi jamani mzuri. Nimefurahi, na sikufichi roho iliniuma kidogo kwamba sikujua. Nimekumiss. Siku mtoto amelala na wewe una nafasi nipigie, hata usiku." Basi. Hapo usitaje msiba wala usitaje hela. Mzazi wa wiki mbili tatu halali, maziwa yanauma, ana watu wamejaa nyumbani, inawezekana akajibu baada ya siku nne au wiki, usianze kuhesabu tiki za bluu.

Kama unaogopa kwamba utaonekana unajipendekeza, hilo nalo limefanyiwa utafiti. Peggy Liu na wenzake mwaka 2022 waliangalia watu wanaotuma salamu au kazawadi kwa mtu waliyepotezana naye, wakakuta wanaotuma kwa kawaida wanakadiria chini furaha ya anayepokea, na kadri ujumbe unavyokuwa haukutarajiwa ndo mpokeaji anavyofurahi zaidi.

Mkianza kuongea, mtoto kwanza. Muulize uzazi ulikuwaje, msikilize mpaka amalize. Ndo umwambie, kwa upole na bila kuzunguka, "siku ya baba nilikuwa nakuangalia wewe getini." Usiongeze "ila siyo kesi". Acha ikae hapo, yeye aseme. Anaweza akalia, anaweza akakupa sababu ambayo hukuiwaza, anaweza akaomba msamaha tu bila sababu, na kuomba msamaha bila sababu wakati mwingine ndo msamaha wenyewe. Baada ya hapo ndo hela, dakika moja tu, uifunge. Alafu muombe kitu kimoja, akwambie anamkumbukaje baba. Usimsaidie, muache aongee.

Na kama akija na ukali, au akakujibu kwa baridi, au akasoma ujumbe mwezi mzima asijibu wakati stetasi anaweka kila siku? Basi utakuwa umejua, na utaondoka ukiwa safi. Kumpunguza mtu siyo dhambi. Yupo rafiki wa kuachwa kabisa, anayetoa siri zako, anayekusema kwa watu, anayekukumbuka akiishiwa tu, anayenuna ukifanikiwa, huyo hata angekuwa mlilala kitanda kimoja miaka kumi muache aende. Ila kwenye barua yako yote sijaona hata alama moja ya hayo, nimeona mtu mwenye aibu na mtu mwenye maumivu, kila mmoja anangoja mwenzie aanze.

Mambo yakienda vizuri nenda Mwanza. Subiri arobaini ipite, ongea na mume wake mapema ili usiwe mzigo, beba kanga doti moja ya mama na vitu vya mtoto, ulale siku mbili tatu, na usikae sebuleni kama mgeni, ingia jikoni, osha nguo za mtoto, mbebe mtoto mama alale mchana. Kule ndo mtaongea yale ambayo simu haiwezi. Mkipanga kabisa kwamba kila jumapili jioni mnapigiana hata dakika kumi itasaidia, watu wanaona kupanga ni kama kulazimisha, lakini vikoba tunapanga na vikao vya harusi tunapanga.

Hao wenzako wa ofisini usiwachukie, yawezekana na wao kuna mtu waliacha kumpigia. Ila hili la kumfuta usilifanye leo wala wiki hii. Tuma ujumbe kwanza, na ukishaongea naye niandikie, hasa kama hakukujibu vizuri, tutaliangalia upya.